Uso wa Mpangaji Aliyetangulia

Mluzi ule niliusikia kwa mara ya kwanza mchana mmoja wa mvua, hatujakaa sana Kariakoo. Mume wangu alikuwa amejinyoosha kitandani na nguo zake za kazi, maana karakana ya reli kule Gerezani ilikuwa imewaachia mafundi mapema baada ya maji kujaa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nasahihisha kazi za watoto wa darasa la kwanza. Mluzi ulikuwa mwembamba na mrefu. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama mtu anayemwita mbwa aliye mbali.

"Nani anapiga mluzi humu ndani?" mume wangu aliuliza bila kufumbua macho.

"Huko nje."

"Si nje."

Niliinuka nikachungulia dirishani. Uchochoro ulikuwa mtupu, maji yanapita na maganda ya machungwa kutoka sokoni. Nikaenda kwenye ukuta wa nyuma, ule uliopakana na bafu la uani, nikatega sikio. Mluzi ulikuwepo. Nikarudi katikati ya chumba, ulikuwepo. Nikafungua mlango nikatoka koridoni, nao ukatoka pamoja nami. Hapo nikabana pumzi ili nisikie vizuri unatokea upande gani, na mluzi ukakatika. Nikaachia pumzi, ukarudi.

Ulikuwa unatoka kifuani mwangu.

Sikuwahi kuugua pumu utotoni. Kwetu Masasi nilikimbia na kupanda miti na kubeba maji kama watoto wote, na nilipoletwa Dar es Salaam kufundisha nilikuwa mwembamba kama ufito, sina hata kikohozi. Kwa hiyo sikulijua jina la kile kitu. Nilijua tu kwamba tulipohamia chumba kile nilikuwa mzima, na sasa kuna sauti ndani yangu ambayo si yangu.

Chumba chenyewe tulikipata kirahisi mno. Miaka ile watu walikuwa wanamiminika mjini na vyumba vya Kariakoo havikuwa vinakaa tupu hata wiki moja. Hiki tulikikuta kitupu, kimefungwa kufuli lenye kutu, na mwenye nyumba alitupa ufunguo bila maswali mengi. Alikuwa mjane wa Kimanyema, mtu mzima sana, sisi wapangaji wote tukimwita Bibi. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vinatazamana, uani jiko, choo na bafu. Mlango unaotazamana na wetu alikaa mama mmoja wa Lindi aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza asubuhi. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipokea, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniogopa.

Na kulikuwa na ule ukuta. Tulipohamia ulikuwa na madoa meusi machache karibu na sakafu, nikadhani ni masizi ya jiko la mafuta ya taa. Masika yalipoanza yale madoa yakaungana. Yalipanda taratibu, meusi ya kijani, laini ukiyagusa kama manyoya ya paka, na yakapata umbo. Sisemi kwamba umbo lilikuwa la mtu. Nasema kwamba kila aliyeingia chumbani humo aliliona vilevile: mtu amekaa chini, amekunja magoti, kichwa amekiinamisha. Nilisugua kwa majivu na ndimu, maana sabuni ilikuwa adimu, ukiipata dukani ni kwa foleni na unaitunza kwa kuogea. Ukuta ulitakata. Baada ya siku chache mabega yalikuwa yamerudi palepale.

Bibi alinisikia nikihema siku moja nikitoka kuchota maji bombani. Akaniita.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Hicho kifua kimeanza lini?"

"Tangu mvua zianze."

Alitazama mlango wa chumba changu, akatazama miguu yake. "Kuna kitu kinakukalia, mwanangu. Hicho chumba kinataka kufukizwa."

Sikupinga. Mume wangu alikuwa kazini na mimi nilikuwa nimechoka kuamka alfajiri nikiwa nimeshika dirisha. Bibi alikuja na chetezo, akatia makaa, akatia ubani na udi, akafunga mlango na dirisha ili moshi usitoke bure. Alisoma dua kwa sauti ya chini. Moshi ulijaa ukawa mweupe, na kupitia moshi ule nikauona ukuta unatikisika, yule aliyekaa akawa kama anainua kichwa. Halafu kifua kikafunga.

Watu hudhani pumu ni kukosa kuvuta hewa. Mimi niliyepatwa nasema shida ni kuitoa. Hewa inaingia kidogo na inakwama, unajaza juu ya iliyokwama, unajaa kama kibuyu, na bado unakufa kwa kukosa. Nilimwona Bibi anafungua mlango, nikamwona mama wa vitumbua anakimbia koridoni amejishika kichwa. Nilimsikia akisema, "Kama yule! Wallahi kama yule!" Sikuwa na nafasi ya kuuliza yule nani.

Walinipakia kwenye mkokoteni. Wachukuzi wa sokoni ndio waliousukuma, mmoja mbele mmoja nyuma, wakipiga kelele watu wapishe, na mimi nimekaa wima juu ya magunia matupu kwa sababu kulala nilikuwa siwezi. Soko jipya lilikuwa limekamilika si zamani. Ile miavuli yake ya zege ilipita juu yangu, mikubwa na ya kijivu, na kwa jinsi akili yangu ilivyokuwa imeniacha niliiona kama uyoga ulioota juu ya mji mzima.

Hospitalini alinipokea daktari wa kike, mtu wa Kilimanjaro, sauti yake kavu lakini mikono yake mipole. Alinichoma sindano ya mshipa, akaisukuma polepole mno, macho yake kwenye saa yake ya mkononi. Moyo wangu ulianza kukimbia. Mikono ikatetemeka. Nilidhani ndiyo mwisho, kumbe kifuani kitu kilikuwa kinalegea, uzi baada ya uzi, mpaka nikatoa pumzi moja ndefu nikalia.

"Usiogope moyo," alisema. "Dawa hii haichagui mlango. Imeingia mwilini, inagonga kote."

Nilipotulia alinieleza. Mirija ya mapafu, alisema, imezungukwa na misuli myembamba. Moshi, vumbi, baridi, vinaweza kuishtua ile misuli ikakaza, kama mkono unaokaba mpira wa maji. Sindano imeuambia mkono uachie. "Lakini kuachia si kupona," akaongeza. "Kesho utakaba tena."

Na kweli ulikaba. Masika yote niliishi kwa vidonge vya kulegeza mirija, vilivyonitetemesha mkono hata chaki ikaniponyoka ubaoni. Mwishowe daktari alinipa vidonge vingine, vidogo, vyeupe, vichungu mno ulimini.

"Hivi havifungui," alisema. "Ndani ya mirija yako kumevimba, kama jeraha. Hivi vinapoza uvimbe. Havifanyi kazi kwa dakika, vinataka siku. Na usiviache bila kuniona, Mwalimu. Umenisikia?"

Nilisema nimesikia. Sikuuliza kwa nini.

Mluzi ulikoma. Nilipanda ngazi za shule bila kusimama, nikaimba na watoto, nikalala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimekwisha kuisahau. Lakini nikaanza kusikia njaa ambayo sikuwahi kuijua. Nilikula ugali wangu na wa mume wangu, nikanyemelea makoko ya sufuria. Usingizi ulinikimbia. Na uso wangu ukaanza kubadilika.

Ulianza mashavuni. Yalijaa yakawa mduara, yakasukuma macho yakawa madogo. Shingo ikawa fupi. Nyuma ya mabega palijengeka nyama iliyonifanya niiname kidogo. Mikono na miguu ilibaki myembamba vilevile, kwa hiyo nikitazama kioo nilimwona mtu mwingine amevaa mwili wangu nusu. Nilicheka mwanzoni. "Nimenona," nikamwambia mume wangu. Yeye hakucheka. Alisema, "Ndiyo," akavua viatu vyake kwa makini sana.

Wapangaji walianza kunyamaza nikipita. Mama wa vitumbua, aliyekuwa akinigongea kila asubuhi na kunisimulia habari za mtaa mzima, akawa anaacha sahani mlangoni na kurudi kwake kabla sijafungua. Siku moja nilimuwahi.

"Leo vipi, mbona hivi havinukii iliki?"

"Nimekutengea vyako pembeni. Najua iliki huipendi."

"Mimi? Naipenda sana. Nani kakwambia?"

Alinitazama usoni kama mtu aliyeamshwa. Akaingia ndani akafunga mlango, na nikasikia komeo.

Bibi naye aliniita uani, nilikuwa nimempa mgongo, akaniita kwa jina la mwanamke mwingine. Niligeuka. Hakusahihisha. Alijifanya anatafuta ufagio.

Wakati huo huo nilikuwa na choa. Hilo halikunishangaza, nusu ya darasa langu walikuwa na mapunye kichwani, na mwalimu wa darasa la kwanza huwapapasa watoto vichwa mchana kutwa. Kiduara kilianza mkononi, kina ukingo mwekundu uliopanda, kinawasha hadi nikajikuna kwa rula. Kisha, baada ya vidonge vyeupe, kikanyamaza. Kuwasha kukaisha. Ukingo ukafutika. Nikafurahi, nikadhani kimepona. Lakini nikijiangalia kwenye mwanga wa dirisha niliona ngozi imebadilika rangi, na ile rangi ilikuwa inatembea. Ilifika kiwiko. Ilifika bega. Ikatokea shingoni, kimya, bila kuniomba ruhusa na bila kunisumbua, kama mgeni anayehama chumba hadi chumba wenye nyumba wamelala. Asubuhi moja nilipopiga mswaki nikaona ulimi na ndani ya mashavu vimefunikwa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

Siku hiyo nilirudi kutoka shule nikakaa kitandani nikautazama ukuta, ule mweusi uliokuwa ukipanda, na nikautazama mkono wangu. Sitasema nilichofikiri. Nilivuka korido nikagonga kwa mama wa vitumbua na sikuondoka mpaka alipofungua.

"Niambie huyo ninayefanana naye."

Alijaribu kukwepa. Kisha akakaa juu ya kigoda chake, akafunika magoti kwa khanga, akasema:

"Kabla yenu chumba kile alikuwepo binti mmoja, mshonaji. Mtu wa Mahenge. Alikuja mwembamba kama ulivyokuja wewe. Akaanza kupiga mluzi kifuani. Halafu akavimba uso. Ulipohamia hukufanana naye hata ukucha, Mwalimu. Sasa umekuwa yeye. Mashavu yake. Shingo yake. Mpaka ile namna yake ya kugeuka mwili mzima mtu akimwita."

"Yuko wapi?"

"Alifia mle ndani. Mchana, tukiwa tumekaa naye. Bibi hakutaka kuwaambia."

Sikumlaumu Bibi, wala leo simlaumu. Nilipomuuliza alinijibu swali kwa swali: "Ningekwambia, ungekaa? Na chumba kisichokaliwa kingekuwaje?" Lakini kuanzia hapo nilivichukia vile vidonge. Niliona kwamba vyenyewe ndivyo vilivyoleta uso huu, na uso huu unajua njia yake hadi mwisho. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikavitia chini kabisa ya sanduku la nguo. Sikuvimeza siku ile, wala iliyofuata. Mume wangu sikumwambia.

Nilitegemea uso upungue. Badala yake nguvu ndizo zilizopungua. Miguu ikawa ya uji. Nikasikia kichefuchefu, nikasimama ubaoni dunia ikazunguka, mwalimu mkuu akanirudisha nyumbani. Mluzi ukarudi, mdogo, kama mtu anayejaribu filimbi.

Alasiri hiyo nilikaa kwenye kizingiti cha chumba changu nikitafuta upepo wa korido. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na mwanga wa barabarani ulikuwa nyuma ya mtu aliyesimama hapo, kwa hiyo sikumwona uso. Niliona mama mnene kidogo, kikapu kichwani, kaniki begani. Alikuwa ametoka stesheni. Alipiga hodi, Bibi akamwitikia kutoka uani, na yeye akaanza kuja kwa miguu mizito ya safari.

Alipofika karibu nami alisimama. Kikapu kilidondoka, mchele ukamwagika sakafuni.

Aliniita kwa jina la mwanawe.

Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu amekuta binti yake amekaa mlangoni anamngojea. Akapiga magoti juu ya mchele, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akayabonyeza kwa vidole gumba. Mikono yake ilinukia moshi wa kuni. Nami, Mungu anisamehe, nilishindwa kusema mimi siye. Kwa muda kidogo sikuwa na uhakika.

Bibi ndiye aliyetutenganisha. "Dada, huyo ni mpangaji wangu. Ni mwalimu. Mwanao tulimzika."

"Najua mlimzika," yule mama alisema, mikono bado usoni mwangu. "Nilichelewa kufika, lakini kaburi mlinionyesha. Sasa huyu ni nani?"

Tulimketisha, tukampa maji. Alikuwa amekuja kuchukua cherehani ya binti yake, iliyokuwa imehifadhiwa stoo kwa Bibi. Mama wa vitumbua aliokota mchele punje kwa punje. Yule mama hakuacha kunitazama. Mwisho akauliza, "Mwalimu, na wewe unakunywa vidonge vidogo vyeupe? Vichungu?"

"Nilikuwa nakunywa. Nimeviacha juzi."

Alisimama. Sijawahi kuona mtu mchovu akisimama haraka vile.

"Viko wapi?"

"Mama, vinanivimbisha. Vinanifanya niwe—"

"Ninajua vinakufanya uwe nani! Mwanangu alikuja likizo na uso huo huo. Nilipomwona nilisema amelogwa na dawa za mjini. Nilivichukua vile vidonge kwa mkono wangu huu nikavitupa chooni. Nikamchemshia mizizi. Akanishukuru, akasema, 'Ahsante mama, nilikuwa navichukia.' Akarudi huku, na sikumwona tena. Viko wapi?"

Nilielekeza sandukuni. Alifungua mwenyewe, akatupa nguo zangu kitandani, akapata kile kitambaa. Alinipa kidonge na kikombe cha maji akasimama mbele yangu mpaka nilipomeza, kisha akaniambia nifungue mdomo ahakikishe. Alipoona ule utando mweupe alifumba macho.

"Hata hiki," alisema. "Hata hiki alikuwa nacho. Vaa viatu, twende hospitali."

Mume wangu alitukuta barabarani akitoka kazini na mfuko wake wa chakula mkononi. Alimwona mama asiyemjua amenishika mkono kama mtoto, akaniona ninavyohema, akageuka akafuatana nasi bila swali.

Daktari alikuwa yuleyule. Alinisikiliza kifua, akaninyanyua mikono, akatazama shingo na mdomo, kisha akakaa kitako na kunitazama kwa hasira ambayo sasa naijua ilikuwa woga.

"Nilikwambia usiviache."

"Hukuniambia kwa nini."

Alivuta kiti karibu. "Kweli. Sikukuambia."

Akatueleza sote watatu. Juu ya figo, alisema, kuna vitezi viwili vidogo, kimoja kila upande, navyo kila siku hutengeneza kitu cha jamii moja na vidonge vile. Mwili unakitegemea ili usimame, ustahimili homa, njaa na mshtuko. Ukikinywa kutoka nje kwa muda mrefu, vile vitezi vinaona kazi imefanywa, vinalala. Ukiacha ghafla, vya nje hamna na vya ndani havijaamka. "Mtu anabaki hana hiki wala kile. Na pumu ikimkuta hapo, hana cha kupigania."

"Na uso?" niliuliza.

"Uso ni dawa. Mtu yeyote akinywa kiasi kile kwa muda ule, mafuta hukusanyika mashavuni na nyuma ya shingo. Nina wagonjwa wodini hawajuani, ukiwaweka pamoja utasema ndugu."

Kuhusu choa alikuwa na maneno ambayo sijayasahau. Vidonge vinapoza uvimbe kwa kuwatuliza askari wa mwili. Kuwasha na wekundu ule wa mwanzo ilikuwa kelele ya askari wakipambana na fangasi. "Kelele zilipokoma ukadhani vita vimekwisha. Choa yako haikupona, Mwalimu. Ilinyamaza." Na ule utando mdomoni ni fangasi wa aina nyingine, anayekaa mdomoni kwa watu wengi bila kudhuru, akingoja tu askari wasinzie.

Alinipa vidonge vingine kwa ajili ya choa, akaniambia nisitegemee miujiza ya haraka. Dawa ile, alisema, haiendi kumwua fangasi pale alipo. Inaingia kwenye ngozi changa inayojengwa chini, inakaa humo. Ngozi ya zamani inapopukutika na mpya inapopanda, fangasi anakuta kila ngazi mpya imekwisha kutiwa dawa, hana pa kuhamia, anadondoka na magamba. "Itachukua wiki nyingi. Na inywe na chakula chenye mafuta, ndipo inapoingia vizuri mwilini." Kwa mdomo kulikuwa na dawa ya matone inayotoboa ngozi ya fangasi ikavujisha maji yake, lakini stoo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nikapakwa ile ya zambarau. Nilirudi Kariakoo na midomo ya rangi ya bilinganya, na kesho kutwa yake watoto wa darasa la kwanza walikimbilia nyuma ya madawati.

Tulipokuwa tunainuka, yule mama alibaki amekaa.

"Daktari, mimi ndiye niliyevitupa. Ni mimi niliyemwua?"

Daktari alivua miwani yake akaishika. "Mwanao sikumtibu mimi, mama. Siwezi kukwambia kilichomchukua. Ila huyu hapa, ungechelewa siku mbili tatu, sijui ningekuta nini."

Yule mama alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikiliza maneno yale yanavyozama.

Daktari aliuliza pia ninapolala. Nilipomweleza ukuta, alisema ule nao ni fangasi. Si wa kunitia choa, ila vumbi lake jepesi nilikuwa nalivuta kila pumzi, na huenda ndilo lililoishtua mirija tangu mwanzo. Mume wangu alibomoa plasta Jumapili iliyofuata, akisaidiwa na mafundi wenzake. Bomba la bafu lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta, miaka mingi labda, na udongo humo ulikuwa umelowa kama udongo wa mfinyanzi. Bibi alisimama uani akitazama wanavyochota tope kwa ndoo. Alisema peke yake, "Kumbe maji tu," na hakuonekana kufarijika.

Waliziba, wakapaka chokaa. Sisi hatukurudi kulala mle. Tulipata chumba Magomeni, kwenye upepo, na chokaa ikiwa bado mbichi tukahama.

Yule mama alikuwa na ndugu hukohuko Magomeni, akakaa kwao badala ya kurudi Mahenge na cherehani yake. Alisema anangoja mvua za vuli zikatike. Kila baada ya siku chache alikuja kwangu na chungu cha samaki wa tui la nazi, zito, ili dawa ya choa ipate mafuta ya kupandia. Alikaa mbele yangu nikila. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinitazama mashavu.

Daktari alikuwa ananipunguzia vile vidonge vyeupe kidogo kidogo, nusu kwa nusu, ili vile vitezi viamke bila kushtuliwa. Choa iliamka nayo. Kwa muda ilikuwa nyekundu, inawasha kuliko mwanzo, na nikaifurahia kama sauti ya jirani. Kisha ngozi ikaanza kupukutika, na chini yake ikatoka mpya. Mdomo ulitakata. Kifua kilibaki na mazoea yake ya kufunga mara moja moja, na hayo ninayo hadi leo, lakini nina dawa zake na najua kila moja inafanya nini.

Na uso ukaanza kuondoka. Uliondoka jinsi ulivyokuja, bila siku ninayoweza kuitaja. Shingo ikarefuka. Macho yakafunguka. Mume wangu akaanza tena kunitania mezani. Ni yule mama tu aliyekuwa akija na kukaa, na kila akija alichelewa kidogo zaidi kuinua macho, kama mtu anayeogopa kufungua mlango. Siku moja aliniomba nigeuke upande wa dirisha. Nikageuka mwili mzima, kwa mazoea. Akasema, "Kaa hivyo hivyo kidogo, mwanangu." Nikakaa. Chakula kilipoa.

Mara ya mwisho alipokuja mvua zilikuwa zimekatika zamani na nilikuwa nimefikia kipande kidogo kabisa cha kidonge. Nilimsikia akipiga hodi, nikatoka kumpokea kibarazani. Cherehani ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye baiskeli ya ndugu yake, tayari kwa stesheni.

"Shikamoo mama."

Alinitazama kwa muda, kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mtu ambaye ameelekezwa nyumbani kwake.

"Marahaba, Mwalimu," alisema. "Nyumbani wote hawajambo?"